Itrakonazoli ya maji na ya kapsuli si kitu kimoja, na hiyo "sukari" ya ndani isikutishe

"Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari muda mrefu, anatumia metformini na glibenklamidi, na omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Amepata fangasi wa mdomoni wameshuka mpaka kwenye koo la chakula, kumeza ni shida. Alianza na flukonazoli haikusaidia, akapewa kapsuli za itrakonazoli, nazo kimya. Sasa daktari kaandika itrakonazoli ya maji, mililita 10 mara mbili kwa siku. Bei yake imenishtua. Duka la dawa wakaniambia ni dawa ileile, miligramu zilezile, nichukue kapsuli nizifungue nichanganye na maji ya uvuguvugu na asali. Pia kapsuli tuliambiwa ale kwanza, ya maji tunaambiwa asile, yupi mkweli? Kwenye boksi nimeona imeandikwa haidroksipropili betadeksi, nikasoma mtandaoni nikakuta ni aina ya sukari ya wanga na kwamba inaharibu figo. Kwa mgonjwa wa kisukari si ndo tunammaliza? Naomba msaada."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumuuguza mama. Nitayajibu yote lakini naomba nianze na jambo ambalo hukuniuliza, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hayo ya sukari na figo. Itrakonazoli na ndugu zake wa kundi hilo, wakikutana na vidonge vya kisukari, hasa jamii ya glibenklamidi, vinaweza kuishusha sukari ya mama ghafla kupita kiasi, na hali hiyo imesharipotiwa kwa wagonjwa ikiwa mbaya kabisa. Na haijalishi ni kapsuli au ni ya maji. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza hata kusoma, hakikisha daktari aliyeandika hiyo dawa anajua mama anameza glibenklamidi, na mama apimwe sukari mara nyingi kuliko kawaida kipindi chote cha tiba. Akitoka jasho jembamba, akitetemeka, moyo ukienda mbio au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, pima, na ikiwa chini ya 4 (au chini ya 70 kwa mashine za miligramu) mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Kama kashalegea hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Haya, sasa tuje kwenye dawa yenyewe.

Kijana wa duka la dawa hajakudanganya kuhusu miligramu. Dawa ya maji ina miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo mililita 20 kwa siku ni miligramu 200, sawa na kapsuli mbili za miligramu 100. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Tatizo ni kwamba miligramu zinazoingia mdomoni na miligramu zinazofika kwenye damu ni vitu viwili, na kwa itrakonazoli pengo kati ya hivyo viwili ni kubwa mno. Ndo maana maelezo rasmi ya hii dawa yanasema wazi kapsuli na ya maji zisibadilishwe moja kwa nyingine hivihivi, na kwa fangasi wa mdomo na koo la chakula iliyothibitishwa kufanya kazi ni ile ya maji.

Itrakonazoli haielewani na maji kabisa. Kwenye maji ya kawaida yasiyo na asidi inayeyuka kama nanogramu 1 tu (miligramu moja ukiigawa mara milioni) kwa mililita. Piga hesabu uone, ili kuyeyusha miligramu 100, yaani kapsuli moja, ungehitaji maji kama lita laki moja. Na dawa ambayo haijayeyuka haivuki ukuta wa utumbo, inapita tu mpaka inatoka ilivyoingia. Kinachoiokoa ni kwamba kwenye asidi kali, kama ile ya tumboni, kiwango kinachoyeyuka kinapanda mara maelfu, bado ni kidogo lakini angalau inapata pa kuanzia. Watengenezaji wa kapsuli wanatumia nafasi hiyohiyo, wanaipaka dawa juu ya vipunje vidogo vya sukari ikiwa imechanganywa na polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayoizuia isijipange kuwa fuwele, ikifika kwenye asidi inaachia haraka. Chakula kinaamsha asidi na kinaichelewesha dawa tumboni ipate muda. Kwa hiyo aliyekwambia kapsuli ziliwe na chakula yuko sahihi kabisa.

Sasa mtazame mama. Anameza omeprazoli, dawa ambayo kazi yake yote ni kuzima asidi ya tumbo. Yaani kapsuli inategemea asidi na sisi asidi tumeifunga, halafu tunashangaa kapsuli ziko kimya! Siwezi kuapa kwamba ndio sababu pekee, maana kuna fangasi wengine ni wabishi wenyewe kwa wenyewe, lakini ningekuwa mimi ndio mfamasia wenu hilo ndo jambo la kwanza ningeliangalia. Na kuifungua kapsuli ukachanganya na maji ya uvuguvugu na asali hakubadilishi kitu, vile vipunje vitaelea humo, maji hayana asidi, asali haiyeyushi itrakonazoli, na juu ya hapo umempa mgonjwa wa kisukari asali asubuhi na jioni. Tafadhali usifanye hivyo.

Ya maji wameifanyaje basi ikakubali kuyeyuka, tena miligramu 10 nzima kwenye mililita moja? Hapo ndo inaingia hiyo haidroksipropili betadeksi (kwa kifupi nitaiita betadeksi), ambayo ni mojawapo ya saiklodekstrini. Ni kweli zinatokana na wanga. Mfaransa Antoine Villiers aliziona mwaka 1891 akichunguza bakteria wanavyoumeng'enya wanga wa viazi, baadaye Franz Schardinger wa Austria akazifanyia kazi kwa kina mwanzoni mwa karne ya 20. Bakteria fulani wana kimeng'enya ambacho kinakata mnyororo wa wanga na kuunganisha ncha zake mbili, ikatokea pete ya glukosi. Ya glukosi sita inaitwa alfa, saba ni beta, nane ni gama.

Umbo lake ni kama ndoo ndogo iliyotobolewa kitako, mdomo mmoja mpana kidogo na mwingine mwembamba. Na hapa ndo penye siri yote, nje yake inapenda maji sana, lakini ndani yake hapapendi maji, panapendeza zaidi kwa kitu chenye asili ya mafuta. Molekuli ya dawa inayochukia maji ikikutana na hiyo nafasi inajisukumia humo, au inaingiza sehemu yake inayochukia maji zaidi, na maji yaliyokuwa mle ndani yanatoka. Kwa nje maji yanaiona saiklodekstrini tu, yanaibeba bila shida, na dawa imebebwa humohumo. Upana wa beta, karibu nusu nanomita na ushee, unaendana vizuri na zile pete za kaboni sita ambazo dawa nyingi zinazo, ndo maana beta inatumika sana.

Watu wengi wanadhani dawa inakuwa imegeuzwa ikawa dawa nyingine. Hapana. Hakuna kifungo cha kikemia kati yao, dawa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Ni suala la uwiano tu, zikiwepo saiklodekstrini nyingi dawa inakaa ndani muda mwingi zaidi. Na kwa itrakonazoli zinahitajika nyingi kweli, kila mililita ya hiyo dawa ina miligramu 400 za betadeksi kwa miligramu 10 za dawa, ukigeuza kuwa idadi ya molekuli ni kama 20 kwa moja. Ndo maana hiyo chupa unaiona nzito na ya kunata, na huenda sehemu ya bei unayolipa iko hapo.

Mama akishaimeza, ile dawa inachanganyika na maji ya tumbo na utumbo, uwiano unavunjika, dawa inaanza kuachiwa. Chumvi za nyongo nazo zinapenda kuingia kwenye nafasi ileile kwa hiyo zinaisukuma itoke. Ikitoka inakuwa tayari ni molekuli mojamoja na iko palepale kwenye ukuta wa utumbo, inavuka. Haikungoja asidi, haikungoja chakula, omeprazoli haiisumbui kitu cha maana. Chakula chenyewe ndo kinakuwa kikwazo kwa sababu kinaichelewesha kutoka tumboni, ikitumiwa tumbo likiwa tupu inaingia kwenye damu zaidi kwa kama asilimia 30 kuliko ikitumiwa na chakula. Kwa hiyo hakuna aliyekudanganya, kapsuli na chakula, ya maji bila chakula, kila moja kwa sababu yake.

Kuhusu sukari. Glukosi saba zilizofungwa kwenye pete si sawa na glukosi ya kwenye chai. Vimeng'enya vyetu vya mate na kongosho hukata mnyororo wa wanga ulio wazi, na pete ya beta haina ncha halafu imejikunja, kwa hiyo inawashinda karibu yote. (Gama, ile ya nane, wanaimeng'enya, lakini siyo iliyopo kwenye chupa yenu.) Betadeksi inafika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wa kule ndo wanaila. Haiendi kupandisha sukari ya mama kama wali au soda. Utamu wa dawa ya kampuni iliyoitengeneza kwanza unatoka kwenye sakarini na sobitoli, ambavyo si sukari ya kawaida, lakini viwanda viko vingi sasa hivi, kwa hiyo soma boksi lenu, kama kuna sukari ya kawaida imeandikwa nenda mwambie mfamasia akutafutie nyingine.

Kuhusu figo, ulichokisoma si uongo, ila kinahusu kitu kingine. Beta ya asili, ambayo haijaongezwa kitu, yenyewe inayeyuka kidogo, gramu 18.5 tu kwa lita moja ya maji, kwa sababu vikundi vya atomi vya ukingoni mwa pete vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe na fuwele zake ni ngumu. Ilipochomwa moja kwa moja kwenye damu ya wanyama iliumiza figo, inakamata kolesteroli na kuganda kwenye vijifereji vya figo. Ndo sababu haitumiki kwenye sindano. Wataalamu wakaibadilisha, wakaipachika vipande vidogo vya haidroksipropili huku na huku bila mpangilio mmoja, fuwele zikashindwa kujipanga, ikawa inayeyuka vizuri sana, mamia ya gramu kwa lita. Hiyo ndo iliyopo kwenye chupa ya mama. Na inayomezwa inaingia kwenye damu asilimia chache tu, nyingine yote inaishia utumboni.

Tahadhari ya figo ipo kweli kwenye dawa za kuchomwa mshipani, kama vorikonazoli ya sindano, au remdesiviri iliyotumika wakati wa korona, zile zina saiklodekstrini ya aina nyingine ambayo ikiwa ndani ya damu njia yake ya kutokea ni figo, kwa hiyo mgonjwa mwenye figo dhaifu anaangaliwa kwa karibu. Vilevile ukienda chumba cha upasuaji utakuta sugamadeksi, hiyo ni gama iliyobadilishwa, inachomwa ili ikamate dawa ya kulegeza misuli aina ya rokuroniamu na mgonjwa arudishe nguvu zake za kupumua haraka. Mimi hiyo huwa inanifurahisha sana, kwamba kile kilichotumika kubeba dawa sasa kimekuwa dawa chenyewe. Kwa mama yako anayemeza, kama hajapimwa figo siku za karibuni apimwe, lakini hilo ni kwa sababu ya kisukari chake cha muda mrefu na metformini, siyo kwa kuiogopa betadeksi.

Usumbufu halisi wa hiyo betadeksi uko tumboni. Mililita 20 kwa siku ni gramu 8 zake, zinavuta maji kwenye utumbo, na watu wengi wanapata tumbo kujaa, kichefuchefu au kuharisha. Metformini nayo ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo wakikutana msishangae. Daktari kugawa mara mbili badala ya kumpa yote kwa mkupuo kunasaidia. Akiharisha kidogo anywe maji ya kutosha, akiharisha mfululizo hadi midomo inakauka na mkojo unapungua apelekwe, maana mgonjwa wa kisukari akikaukiwa maji figo zinaumia kweli.

Jinsi ya kumpa, hapa kuwa makini. Pima kwa kikopo cha dawa, siyo kijiko cha jikoni. Mililita 10 azisukutue mdomoni kwa nguvu sekunde kadhaa halafu ameze, asiteme, na asisuuze na maji baada ya hapo, maana sehemu ya kazi inafanyika palepale dawa inapogusa utando mweupe. Ampe nafasi ya saa moja bila kula. Lakini hiyo saa moja ndo penye mtego, glibenklamidi inatakiwa iende na chakula, kwa hiyo ASIMEZE glibenklamidi pamoja na dawa ya fangasi halafu akae na njaa. Akiamka itrakonazoli kwanza, saa moja ikipita anakunywa chai na kitafunwa pamoja na vidonge vyake vya kisukari. Ya jioni ni hivyohivyo, saa moja kabla ya chakula cha usiku au saa mbili tatu baada yake. Akishaanza kumeza vizuri msisimamishe dawa, kwa fangasi wa koo la chakula tiba huwa si chini ya wiki tatu na inaendelea kama wiki mbili baada ya dalili kuisha.

Kuhusu bei sitakudanganya, ni ghali na kuna mikoa huipati kabisa. Itrakonazoli iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017, kapsuli na ya maji, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye rafu ni mambo mawili, jaribu famasi ya hospitali ya rufaa kabla ya maduka ya mtaani. Ikishindikana, rudi kwa daktari umwambie ukweli wa mfukoni kwako. Anaweza kuamua kama omeprazoli inaweza kusimama kwa muda na kapsuli zijaribiwe tena na chakula, au apandishe dozi ya flukonazoli, au achukue sampuli kujua ni fangasi gani hasa. Wengine wanashauri kapsuli zimezwe na soda ya kola kwa sababu ina asidi, na ni ushauri wenye msingi, ila soda inayotakiwa ni yenye sukari, kwa mama siipendi hiyo njia. Uamuzi huo ufanywe na aliyemchunguza, siyo na mimi nikiwa huku wala na kaunta ya duka.

Na msidhani saiklodekstrini ndo jibu la kila dawa isiyoyeyuka, wapo wanafunzi wangu wanafikiri hivyo. Umeona wenyewe uwiano, miligramu 400 kubeba miligramu 10. Dawa ya dozi kubwa ingebidi umpe mgonjwa bakuli zima. Nyingine molekuli zake hazitoshei humo. Ndo maana dawa mseto ya malaria, ile ya atemeta na lumefantrini, haina mambo haya, tunawaambia tu mmeze na maziwa au chakula chenye mafuta, na lumefantrini inaingia mara 16 zaidi ukilinganisha na kumeza tumbo tupu. Njia ni tofauti ila tatizo ni lilelile la dawa kugoma kuyeyuka, na mgonjwa akipuuza maelekezo ya chakula anakuwa amemeza dawa bure.

Kabla hujainunua hiyo chupa nenda na mfuko wa dawa ZOTE za mama ukamwonyeshe mfamasia. Kama ana ya kolesteroli, simvastatini haitakiwi kabisa na itrakonazoli. Za presha kama amlodipini zinaweza kuzidi nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu na dawa za kifafa kama kabamazepini zinaimaliza itrakonazoli kwenye damu. Na kama amewahi kuambiwa moyo umepanuka au moyo unashindwa kusukuma damu, hii dawa asiianze mpaka daktari ajue, inaweza kuudhoofisha moyo zaidi.

Akivimba miguu, akikosa pumzi akilala chali, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au hawezi kumeza hata mate, msingoje kliniki, siku hiyohiyo hospitali. Na hata kama hakuna hayo lakini wiki mbili zimepita anameza ya maji kama ilivyoandikwa na bado chakula kinakwama, aangaliwe kwa kipimo cha kamera, maana kuna vitu vingine zaidi ya fangasi vinavyoziba koo la chakula kwa mtu wa umri wake, na sukari yake ya miezi mitatu ipimwe pia, fangasi wabishi kwa mwenye kisukari mara nyingi wanatuambia sukari imekuwa juu muda mrefu bila sisi kujua.